Kanuni Moja kwa Kila Mgeni: Funzo la Ulaya na Urusi kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Isaka ni mji mdogo ulio katika Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, lakini shughuli zake zinavuka mipaka ya mkoa na ya nchi. Shehena zinazoshushwa katika Bandari ya Dar es Salaam husafirishwa kwa reli hadi bandari kavu ya Isaka, kisha hupakiwa kwenye malori kuelekea Rwanda, Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Reli ya zamani inayopita hapo ilifika Mwanza mwaka 1928. Reli ya kisasa inayojengwa imeufanya mji huo kuwa mahali ambapo mataifa mengi yanakutana. Kipande cha Tabora hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 165, kilikabidhiwa kwa mkataba wa mwaka 2022 kwa kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, kilikabidhiwa kwa kampuni za China kwa mkataba wa mwaka 2021. Vichwa vya treni za umeme vinatoka Korea Kusini, na sehemu ya fedha za vipande vya kwanza ilipatikana kwa mkopo ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered, huku taasisi za udhamini wa mauzo ya nje za Sweden na Denmark zikishiriki.

Mahali kama hapo hapawezi kuwa mali ya kambi moja ya dunia. Panahitaji kanuni inayoeleweka ya namna ya kuhusiana na kila mgeni, na panahitaji nchi jirani zinazotumia njia hiyo ziwe na kanuni isiyopingana na ya mwenyeji. Hilo ndilo suala ambalo vita vya Ukraine vimeliweka wazi mbele ya Ulaya, na ambalo sasa linaikabili Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, athari zake hazikuchukua muda mrefu kufika Kanda ya Ziwa. Bei za mafuta, mbolea na ngano zilipanda duniani kote. Serikali ya Tanzania ilitenga ruzuku ya Shilingi bilioni 100 kwa ajili ya mafuta kuanzia Juni 2022, na Agosti 8 mwaka huo, katika maadhimisho ya Nane Nane mkoani Mbeya, ikazindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Mkulima wa pamba au mpunga wa Kahama hakuwa na kauli yoyote katika ugomvi huo, lakini gharama zake zilimfikia dukani na shambani. Wahenga walisema kuwa fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Swali la kisera ni kwa namna gani nyasi hizo zinaweza kujipunguzia maumivu.

Jibu la kwanza linapatikana kwa kutazama kilichoisibu Ulaya yenyewe. Machi 2016, miaka miwili baada ya Urusi kuitwaa Krimea, mawaziri wa mambo ya nje wa Umoja wa Ulaya walikubaliana kanuni tano za kuongoza uhusiano wao na Moscow. Miongoni mwake ilikuwamo ile ya kujiimarisha dhidi ya udhaifu wa ndani, hususan katika nishati. Kwenye karatasi, Ulaya ilikuwa na msimamo mmoja. Hata hivyo, wakati kanuni hizo zikipitishwa, mradi wa bomba la gesi la Nord Stream 2, kutoka Urusi hadi Ujerumani chini ya Bahari ya Baltiki, ulikuwa tayari umeanza safari yake. Poland na majirani zake waliupinga. Ujerumani iliendelea kuueleza kuwa ni shughuli ya kibiashara. Ujenzi ulikamilika Septemba 2021, na Februari 22, 2022, siku mbili kabla ya uvamizi, Kansela Olaf Scholz akasitisha utaratibu wa kuuidhinisha.

Wakati huo zaidi ya asilimia 40 ya gesi iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya ilikuwa ikitoka Urusi. Vikwazo vilipoanza kuwekwa, kila nchi iliingia katika majadiliano ikiwa na deni lake la utegemezi. Zuio la mafuta ghafi lililopitishwa Juni 2022 liliacha nje mafuta yanayosafirishwa kwa bomba, kwa kuwa Hungary na nchi nyingine zisizo na bahari hazikuwa na njia mbadala ya haraka. Kwa kuwa maamuzi ya sera ya nje ya Umoja huo huhitaji ridhaa ya nchi zote 27, nchi moja iliweza kuchelewesha uamuzi wa wote.

Hivyo basi, Ulaya haikukosa kanuni, kwa kuwa zilikuwapo na ziliandikwa kwa lugha nzuri. Kilichokosekana ni uhusiano kati ya kanuni hizo na mikataba ya gesi, leseni za mabomba na bei za nishati. Wizara za mambo ya nje zilisema jambo moja, na wizara za uchumi zikatia saini jambo jingine. Gharama ya pengo hilo ililipwa na wananchi wa kawaida katika ankara za umeme, na sehemu yake ikavuka bahari hadi kwa wanunuzi wa mbolea wa Afrika.

Afrika Mashariki haina sababu ya kulitazama hilo kama jambo la wengine. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, uliosainiwa Novemba 30, 1999, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 123 kujenga sera za pamoja za mambo ya nje na usalama. Ipo pia Itifaki ya Uratibu wa Sera za Mambo ya Nje. Lakini Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuhusu azimio lililoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, nchi za Jumuiya zilikwenda njia mbili. Kenya na Rwanda ziliunga mkono azimio hilo. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini hazikuunga mkono wala kupinga. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo ingejiunga na Jumuiya miezi michache baadaye, iliunga mkono.

Kila nchi ilikuwa na haki ya kuamua, na uamuzi wa kutofungamana na upande wowote una historia ndefu na heshima yake. Hata hivyo, nyuma ya kura hizo tofauti ulikuwapo msingi ambao nchi zote ziliukubali tangu zamani. Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha azimio, lililotetewa na Mwalimu Julius Nyerere, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliujenga hoja yake juu ya msingi huo huo katika Baraza la Usalama Februari 21, 2022. Jumuiya ingeweza kutoa tamko moja fupi kuhusu mipaka, raia na usalama wa chakula, kisha kila nchi ikapiga kura kwa kadiri ilivyoona inafaa. Tamko la namna hiyo lingeipa Arusha sauti katika mazungumzo ya nafaka na mbolea yaliyofuata. Badala yake, kila mji mkuu ulijieleza peke yake.

Tofauti ya kura haina gharama ya moja kwa moja kwa mfanyabiashara wa Isaka. Tofauti ya sera za biashara inayo. Mfano ulio wazi zaidi ni Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya. Majadiliano yalihitimishwa Oktoba 2014, baada ya bidhaa za Kenya, yakiwamo maua, kuanza kutozwa ushuru katika soko la Ulaya kwa muda. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini. Tanzania haikusaini, na Novemba mwaka huo Bunge liliishauri Serikali isifanye hivyo. Hoja zilikuwa nzito: viwanda vichanga vingekabiliwa na bidhaa za Ulaya kabla havijakomaa, mapato ya forodha yangepungua, na uamuzi wa Uingereza wa kujitoa katika Umoja wa Ulaya ulikuwa umebadilisha thamani ya mkataba wenyewe. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa miongoni mwa waliozieleza hoja hizo kwa kina.

Kenya nayo ilikuwa na hoja yake. Haikuwa katika kundi la nchi maskini zaidi duniani, ambazo bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa na mlango ambao Kenya haikuwa nao. Februari 2021 Wakuu wa Nchi waliruhusu nchi zilizo tayari kuendelea na utekelezaji, na mkataba kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ukasainiwa Nairobi Desemba 18, 2023, na kuanza kutumika Julai 1, 2024. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini Jumuiya yenye Umoja wa Forodha tangu mwaka 2005 imejikuta na mwanachama mmoja mwenye ratiba yake ya kupunguza ushuru kwa bidhaa za Ulaya, na nchi nyingine zikiwa nje ya ratiba hiyo. Bidhaa iliyoingia kwa masharti nafuu Mombasa inahitaji kutambuliwa asili yake inapovuka kuelekea Namanga au Sirari, na kila utambuzi ni hati, foleni na muda.

Njia za usafirishaji zinatoa mfano wa pili. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana zenyewe na kupanga miradi, ikiwamo reli, bila Tanzania na Burundi. Novemba 7 mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alilihutubia Bunge na kueleza kuwa Tanzania haikuwa na nia ya kuiacha Jumuiya. Miaka michache baadaye hesabu za gharama na umbali zilizungumza: Rwanda iliigeukia njia ya Tanzania, na Januari 2018 Marais John Magufuli na Paul Kagame wakakubaliana kuhusu reli ya kisasa ya Isaka hadi Kigali. Mantiki ya kiuchumi ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichopotea ni muda, na muda katika ujenzi wa reli ni fedha.

Upande wa pili, wabia wa nje nao wameonesha kutoshikamana kwao ndani ya ukanda huu. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, linapita katika mikoa ya Geita na Shinyanga, na kiwanda cha kuyawekea mabomba yake utando wa kuhifadhi joto kipo Sojo, katika wilaya jirani ya Nzega. Mbia mkubwa, mwenye asilimia 62, ni TotalEnergies ya Ufaransa. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi huo kwa sababu za mazingira na haki za binadamu. Mwaka huo huo viongozi wa Ulaya walikuwa wakizunguka Afrika kutafuta gesi ya kuziba pengo la Urusi. Hoja za mazingira na fidia kwa wananchi zinastahili majibu ya kina, na majibu hayo yanapaswa kutolewa kwanza kwa wananchi waliopisha mradi. Lakini mbia anayezungumza kwa sauti mbili hawezi kutegemewa kuwa dira ya sera ya mwingine.

Dira hiyo lazima itoke nyumbani, na Tanzania imewahi kuitumia kwa gharama. Katika miaka ya 1964 na 1965, Ujerumani Magharibi ilipotaka kuamua uhusiano wa Tanzania na Ujerumani Mashariki na kuondoa msaada wake wa kijeshi, Mwalimu Nyerere aliitaka iondoe na misaada mingine ya kiserikali iliyobaki. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa Pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Nchi za Magharibi zilipokataa kugharamia reli ya kuelekea Zambia, China iliijenga TAZARA, yenye kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kutofungamana hakukuwa na maana ya kukaa kimya. Kulikuwa na maana kwamba kigezo ni kile kile, awe mbele yake ni Mjerumani, Mwingereza au Mchina.

Ukanda wa dhahabu unaoizunguka Isaka unaonesha namna kigezo hicho kinavyoweza kutoka katika hotuba na kuingia katika mkataba. Mgodi wa Bulyanhulu upo katika Halmashauri hiyo hiyo ya Msalala. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na mwaka huo marekebisho ya Sheria ya Madini yakaweka hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji. Januari 24, 2020, Serikali na kampuni ya Barrick ya Kanada zilisaini makubaliano yaliyozaa Kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina asilimia 16. Kiwango hicho ndicho kilichotumika pia katika mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera.

Mjadala kuhusu kiwango chenyewe unaweza kuendelea, na wapo wanaoona kilipaswa kuwa juu zaidi, na wengine wanaoona mwekezaji anahitaji nafuu. Jambo la msingi ni kwamba sheria haiulizi bendera ya mwekezaji. Ndiyo inayompokea Mkanada Bulyanhulu, na ndiyo inayopaswa kumpokea Mrusi katika mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, unaomilikiwa na kampuni ya Mantra iliyo chini ya shirika la serikali ya Urusi la Rosatom. Ulaya, kwa upande wake, ilipitisha sheria ya malighafi muhimu iliyoanza kutumika Mei 2024, na wanunuzi wake wataendelea kuja. Uhusiano wenye kanuni na Urusi, kwa nchi kama Tanzania, unaanzia hapo: masharti yanayosomeka, ukaguzi wa mazingira usio na upendeleo, na uwezo wa kusema ndiyo au hapana kwa sababu zile zile ambazo zingetumika kwa mwingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inamkaribisha mgeni, lakini inamkumbusha mwenyeji kuwa ujio huo unapaswa kumfaa na yeye.

Upo pia ushahidi kwamba ukanda huu unaweza kuzungumza kwa sauti moja pale hatari inapokuwa kubwa. Katika mgogoro wa mashariki mwa Kongo, jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki liliondoka Desemba 2023 na jeshi la Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, likaingia, huku michakato ya Nairobi na Luanda ikienda sambamba bila kuunganishwa. Baada ya mapigano kuongezeka mapema mwaka 2025, jumuiya hizo mbili zilifanya mkutano wa pamoja wa Wakuu wa Nchi jijini Dar es Salaam Februari 8, wakataka mapigano yasitishwe na michakato hiyo miwili iunganishwe. Mkutano huo haukumaliza vita. Lakini ulionesha kuwa pale majirani wanapokuwa na meza moja, wapatanishi wa mbali hulazimika kuitambua meza hiyo. Somo lake ni kwamba meza ya namna hiyo inapaswa kuandaliwa kabla ya dharura.

Ni kweli kwamba sauti moja si jambo jepesi. Jumuiya sasa ina nchi nane, kuanzia Somalia hadi Kongo, zenye majirani, madeni na masoko tofauti. Kulazimisha ridhaa ya wote katika kila jambo kungeizalia Jumuiya ugonjwa ule ule wa kura ya turufu unaoisumbua Ulaya. Utaratibu wa kuruhusu nchi zilizo tayari kutangulia una nafasi yake. Kinachohitajika ni makubaliano ya awali kuhusu mambo machache yasiyouzwa: heshima ya mipaka, usalama wa chakula na mbolea, masharti ya chini ya kuuza madini, na wajibu wa nchi kuwajulisha wenzake kabla ya kusaini mkataba unaogusa Umoja wa Forodha.

Mambo hayo yanahitaji pia kuonekana katika maamuzi ya kila siku. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, zuio hilo lililegezwa kwa masharti baada ya siku chache, na ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan jijini Nairobi Mei mwaka huo ikafungua mazungumzo ya kuondoa vikwazo vya biashara. Hoja ya afya ilikuwa halali, lakini kipimo cha pamoja cha sumukuvu, kinachokubalika katika maabara za nchi zote, kingeliepusha zuio lenyewe. Jumuiya inayoshindwa kukubaliana kuhusu gunia la mahindi itapata shida kukubaliana kuhusu Urusi.

Kwa Tanzania, fursa ya kuunganisha kanuni na vitendo ipo. Sera ya Taifa ya Mambo ya Nje ya Mwaka 2001, Toleo la Mwaka 2024, iliyozinduliwa Mei 19, 2025, inaendeleza msingi wa kutofungamana na upande wowote na kuipa diplomasia ya uchumi nafasi ya mbele. Thamani ya waraka huo haitapimwa kwa maneno yake. Itapimwa kwa kuangalia iwapo Wizara ya Madini, Wizara ya Uchukuzi, Wizara ya Fedha na Wizara ya Mambo ya Nje zinasoma ukurasa mmoja zinapokaa na mbia yule yule. Wananchi, kupitia wabunge wao na kamati za Bunge, wana haki ya kuuliza swali hilo kila mkataba mkubwa unapowasilishwa.

Isaka itaendelea kupokea mabehewa, yawe yamebeba mbolea kutoka nje, vifaa vya migodi au bidhaa za kwenda Kigali, Bujumbura na Goma. Reli zake mbili mpya zinajengwa na kampuni za mataifa mawili, lakini lazima zikutane kwa kipimo kimoja cha upana, kwa kuwa treni haiwezi kupita pasipo hivyo. Sera za nchi zinazotegemea njia hiyo zinahitaji usawa wa aina hiyo hiyo.